Tuanzie Kitabu Kipi cha Koo za Mtoni

Kamachumu,
12 Februari 2024

Mama Faruku mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna msiba mwingine. Sisi tu wazima, na ninakushukuru tena kwa kuja kwenye mazishi ya mkwe wangu Advera mwezi wa kumi, hasa kwa jinsi mvua ilivyokuwa ikinyesha siku ile.

Simu ninayo na vocha ipo. Lakini nyumba yangu ni ndogo, na mjukuu wangu Klaudia, yule binti wa Joackim na marehemu Advera, anasikia kila kitu. Nikishika simu tu anaacha alichokuwa anafanya. Haulizi neno, anakaa tu na kunitazama mdomo. Kwa hiyo ninakuandikia, tena ninaandikia kibanjani, nimekaa juu ya ndoo chini ya migomba, yeye akiwa shule. Datius wa basi la asubuhi amekubali kukuletea.

Mtoto ana miaka kumi. Yuko kwangu tangu Desemba, maana baba yake yuko barabarani na lori lake wiki nzima. Anakwenda shule, anarudi, anafua sare, anakaa. Mwalimu wake anasema majibu anaandika sahihi ila hanyooshi kidole hata siku moja. Hapa nyumbani ananijibu "ndiyo Bibi", "hapana Bibi". Nimelea watoto wangu wote wakinipigia kelele, Nuriat, sijui nifanye nini na mtoto aliyenyamaza.

Sasa juzi nilikuwa nasafisha chumba cha kahawa, na chini ya magunia nikakuta kitabu cha sita cha zile hadithi zetu za wanyama, Koo za Mtoni. Hakina jalada, panya wamekula pembe. Mawe, mama yangu! Nilikaa pale pale sakafuni. Nilikuona kabisa bwenini Jumamosi baada ya kufua, umekaa dirishani, sisi wengine tunasukana nywele, na wewe unasoma kwa sauti ya yule korongo mwongo mpaka matroni anakuja kugonga mlango. Nilisahau magunia, nikaanza kusoma. Nilipoinua kichwa Klaudia alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bibi, huyu nungunungu amefanya nini mpaka wanamhamisha?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza tangu siku aliyofika. Nikamwambia ili aelewe itabidi aanze mwanzo. Akaniuliza, "Mwanzo ni kipi?" Nikakwama. Nakumbuka vilikuwa kumi na kimoja, na nakumbuka mlikuwa mkibishana kuhusu mpangilio wake, ila sikumbuki nani alishinda.

Baba yako, Mzee Awadhi, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa anaviuza pale dukani. Sidhani kama umevitupa. Niambie basi, mtoto kama huyu aanzie wapi? Na ukiweza, nitumie hicho cha kuanzia.

Nakutumia mkungu wa ndizi. Usiuache jikoni ukaivia humo.

Wako,
Edvina


Miembeni, Bukoba,
20 Februari 2024

Ma Edvina,

Nimeisoma barua yako dukani nikacheka peke yangu, mteja akaweka chini sare aliyokuwa anamjaribisha mwanawe akauliza kama niko sawa. Siku hizi nauza sare na madaftari. Vitabu vya hadithi havinunuliki. Lakini Koo za Mtoni ziko nyumbani kabatini, zimefungwa kwa kitambaa, na hata wajukuu nawapa kwa kuwaangalia mikono kwanza.

Unauliza nani alishinda ule ubishi. Hakuna. Mpaka leo katika nyumba hii tunabishana. Mwanangu Faruku anasema mtu aanze na cha kumi, kwa kuwa mwandishi alirudi nyuma pale akaeleza habari za mababu wa fisi maji kabla mto haujagawanywa. Faruku ni mhasibu, anapenda mambo yafuate tarehe. Mimi namwambia huwezi kumjali babu wa mtu ambaye hujamfahamu. Wengine watakuambia cha kwanza ni cha kwanza, basi. Na ndivyo ilivyo kwa watu wengi.

Kwa Klaudia mimi nasema cha tatu. "Karamu ya Nungunungu." Unakumbuka? Bwana Nungunungu anaalika koo zote za mtoni, halafu anasahau ukoo gani una mwiko gani. Fisi maji hawagusi kambare, mbega hawali kitu chenye mbegu, kanga hawanywi kilichochemshwa. Chakula kimejaa na hakuna anayeweza kutia kitu mdomoni, na wote wana adabu mno, hakuna anayesema. Mtoto asipocheka pale, mpeleke akapimwe.

Ukianzia cha tatu hupotei. Unamkuta Kajuna, fisi maji mdogo, ameshakaa kwa shangazi yake, ana marafiki, anaendelea na maisha. Cha kwanza tukiache. Kule mwanzoni kabisa mafuriko yanamchukua mama yake Kajuna. Mtoto aliyemzika mama yake mwezi wa kumi humpi kitabu hicho. Siku ile ya mazishi sikumwona, nikadhani yuko ndani na shangazi zake. Maskini.

Nimekufungia cha tatu, cha nne na cha tano. Datius nimemwambia akivilowesha asirudi Bukoba.

Nakukumbuka sana. Sijui kwa nini tumekaa miaka yote hii umbali wa basi moja, tunaonana misibani tu.

Nuriat


Kamachumu,
11 Machi 2024

Mama Faruku,

Amecheka! Nilikuwa jikoni namenya ndizi nikasikia sauti chumbani nikafikiri ni mtoto wa jirani. Nikachungulia. Amelala chali, kitabu juu ya uso, anacheka peke yake. Nilirudi jikoni haraka asinione, nikashika kisu nisijue nilikuwa nafanya nini.

Jioni akaniuliza, "Bibi, sisi ukoo wetu tuna mwiko gani?" Nikamweleza. Akauliza wa kwenu ni upi. Nikamwambia Bibi Nuriat ni Mwislamu, babu yake alitoka pwani, miko yao ni mingine. Akafikiri, akasema, "Basi kwenye karamu na yeye angekaa na njaa." Waitu, ndugu yangu, nimemwona Advera usoni mwake alipokuwa anasema hivyo. Ule utani wa chini chini.

Sasa anakwenda nami kibanjani akitoka shule. Ananisimulia kitabu huku napalilia, kana kwamba mimi sijawahi kukisikia. Na kweli mengine nilikuwa nimesahau. Kuna mahali korongo anajifanya mgonjwa ili abebwe. Ulikuwa unafanya sauti ile mpaka mwenzetu Koletha anajikojolea.

Lakini amenishika pabaya. Kwenye cha nne, kila mvua ikianza Kajuna anapanda juu ya mti na hashuki, na wenzake wanamwacha tu. Klaudia akauliza kwa nini. Nikasema nimesahau. Akauliza, "Cha kwanza na cha pili viko wapi?" Nikasema viliisha dukani zamani sana. Akasema "ndiyo Bibi". Ile "ndiyo Bibi" ya Desemba.

Tuma vingine haraka kabla hajarudi kule alikokuwa.

Edvina


Miembeni,
25 Machi 2024

Ma Edvina,

Nakuandikia nikiwa nimefunga, koo kavu, lakini barua yako imenishibisha. Msimulie na hili: sauti ya korongo niliiga ya mwalimu wetu wa hesabu. Mlikuwa mnacheka bila kujua mnamcheka nani.

Nakutumia cha saba, cha nane na cha tisa. Cha sita si unacho? Mwambie mjukuu wangu cha nane ni kirefu, kina safari ya kwenda ziwani, asikate tamaa kwenye sura ya matope. Kila mtu huchoka pale.

Kuhusu cha kwanza na cha pili, endelea kusema viliisha. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo na baba, na nilikuwa naishi ndani ya duka la vitabu.

Nuriat


Kamachumu,
16 Aprili 2024

Kwa Bibi Nuriat,

Shikamoo Bibi. Natumaini hujambo na unaendelea vizuri na kazi zako za kila siku. Mimi sijambo. Bibi Edvina hajambo ila mgongo unamsumbua.

Madhumuni ya barua hii ni kukushukuru kwa vitabu. Nimemaliza vyote. Nimependa zaidi cha tano na cha nane. Kwenye sura ya matope sikuchoka.

Bibi, naomba unitumie kitabu cha kwanza. Bibi Edvina anasema cha kwanza na cha pili viliisha dukani. Lakini mtu mwenye cha tatu, cha nne, cha tano, cha saba, cha nane na cha tisa, tena amevitunza hivi, hawezi kukosa cha kwanza. Mimi ningekuwa na vyote hivyo ningekitafuta hicho mpaka nikipate.

Najua mama yake Kajuna anakufa. Kwenye cha tano korongo anamwita "mtoto wa marehemu Nyamaizi". Kwa hiyo usiogope kwamba nitajua, nimeshajua. Ninachotaka ni kujua ilikuwaje. Na ninataka kujua nani alimwambia Kajuna. Kwenye vitabu vyote hivi anajua lakini hawasemi aliambiwa na nani.

Bibi Edvina hajui kwamba nimeandika. Akikuuliza mwambie tu.

Ni mimi,
Klaudia Joackim


Miembeni,
22 Aprili 2024

Ma Edvina,

Mtoto ameniandikia. Barua yake naiweka humu uisome mwenyewe. Usimgombeze, hata kidogo.

Nimeisoma asubuhi, nikaisoma mchana, nikafunga duka mapema. Nataka nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu halikuwahi kuulizwa.

Kumbuka bwenini. Nilikuwa nawasomea nikianzia cha tatu. Mwaka mzima, mzunguko mzima, halafu wakija wasichana wapya tunaanza tena na cha tatu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane, akijifungua mdogo wangu Zahoro. Hilo unalijua. Baada ya muda baba akaniletea kitabu cha tatu kutoka dukani, akasema, "Anza na hiki, cha kwanza na cha pili vimeisha." Nikaanza. Nilipofika miaka kumi na miwili hivi, nilipanda kiti kutafuta chaki rafu ya juu, nikakiona cha kwanza. Kipya kabisa, kimesimama nyuma ya maboksi. Ningeweza kukichukua. Baba alikuwa mbele anahudumia mtu, namsikia anacheka. Nikafikiri: baba ananifungia mlango huu kila siku, kwa miaka minne, bila kuchoka. Nikashuka na chaki.

Sikukigusa, Edvina. Baba amekufa, duka nimelirithi, kitabu nimekihamishia kabatini pamoja na vingine, na mpaka leo, na miaka yangu hamsini na minane, sijakifungua. Nilikuwa nakuambia mambo ya mafuriko kwa kubahatisha, kutoka kwenye vitabu vya mbele, kama alivyofanya mjukuu wako.

Siwezi kumwandikia kwamba kiliisha. Niruhusu nikilete. Nitakuja mwenyewe, tukisome wote watatu.

Nuriat


Kamachumu,
29 Aprili 2024

Nuriat,

Hapana.

Sijamgombeza. Lakini wewe hujui unachoomba, na kosa si lako, ni langu, sikukueleza yote. Ulidhani Klaudia alimzika mama yake. Hakumzika. Hakuwepo.

Advera alizidiwa usiku mmoja, asubuhi akapelekwa hospitali, kesho yake akafa. Klaudia walimwacha kwa jirani yao kule Mwanza, Mama Jeni. Ilikuwa imebaki wiki afanye mtihani wa darasa la nne. Joackim akaona mtoto akiambiwa hatafanya mtihani. Akamwambia, "Mama amepelekwa Kamachumu kwa Bibi, akapumzike." Akapanda gari na maiti. Tukazika. Mtoto akafanya mtihani akafaulu. Desemba baba yake akamleta hapa, na njia nzima hakufungua mdomo, akitegemea mimi nitasema.

Mtoto aliruka kutoka kwenye lori akiwa ameshika ripoti yake ya shule. Akanipigia magoti, akanisalimia, akaniuliza, "Mama yuko chumba kipi?"

Sasa umeelewa. Hakupiga kelele. Nilimwonyesha kaburi pale nyuma ya jiko, akalitazama, akaingia ndani, akanyamaza. Toka siku hiyo hapiti upande ule. Akienda chooni anazunguka kwa mbele barabarani.

Nilimpigia Joackim nikamweleza habari ya kitabu. Akasema, "Mama, mwacheni mtoto, ameanza kucheka," kisha akakata. Kila nikimtaja Advera anakata. Na mimi namwelewa. Wewe baba yako alikufungia mlango, ukakua, ukaolewa, ukalea, ukaendesha duka. Uliharibika wapi? Tuachie cheko letu hili dogo.

Usikilete.

Edvina


Miembeni,
6 Mei 2024

Ma Edvina,

Sitakileta bila ruhusa yako. Nyumba ni yako na mtoto ni wako.

Umeniuliza niliharibika wapi. Nimelifikiria swali lako wiki nzima na sina hasira nalo. Sikuharibika. Nilipendwa sana na baba yangu. Lakini sijui mama yangu alikufaje. Najua alikuwa anajifungua, basi. Sijui kama aliumwa muda mrefu au mfupi. Sijui kama alimwona Zahoro. Sijui nani alimshika mkono. Baba hakusema, na mimi kwa kumhurumia sikuuliza, tukahurumiana hivyo mpaka nikamzika. Mkunga amekufa. Shangazi zangu wote wamekufa. Siku moja niligundua hakuna mtu aliyebaki duniani wa kumuuliza.

Joackim yuko hai. Anapita barabara hiyo hiyo na lori lake.

Mjukuu wako hakuomba hadithi ya kulia, Edvina. Soma tena barua yake. Anauliza nani alimwambia Kajuna.

Nakuachia.

Nuriat


Kamachumu,
20 Mei 2024

Mwanangu Joackim,

Nakuandikia kwa sababu karatasi huwezi kuikata. Nimempa Datius aipitishe kwa wenzake wa mabasi mpaka pale Biharamulo kwenye kituo cha mafuta, mahali unapopumzika.

Nilimwita rafiki yangu Nuriat aje. Mimi ndiye niliyemwita, usimlaumu mwingine. Alifika Jumamosi kabla ya mchana. Klaudia alimpokea mkoba kule barabarani, akampigia magoti mbele ya watu wote wa njiani. Tulitandika mkeka barazani. Nuriat akatoa kitabu kwenye kitambaa akaniangalia, nikamwambia soma.

Alianza vizuri. Sauti yake ni ile ile, mwanangu, imekwaruza kidogo tu. Nilifumba macho nikawa na miaka kumi na mitano. Mvua inanyesha juu ya mto, mama fisi maji, Nyamaizi, anahesabu vitu vya kuhamisha, Kajuna hataki kutoka kitandani. Tukacheka. Halafu maji yakaja. Nuriat akasita alipofika pale Nyamaizi anamsukuma mtoto kwenye mizizi ya mti. Akavua miwani, akafuta, akavaa. Akavua tena. "Siwezi, Ma Edvina," akasema. Mtu mzima, na baibui lake, analia kama mtoto mdogo.

Nilinyoosha mkono nikipokee. Klaudia alishaniwahi. Akaweka kidole kwenye mstari, akaendelea kusoma kwa sauti ya darasani, wazi kabisa, mpaka pale wazee wa mto wanakutana, na mbega anawaambia wenzake, "Mwambieni amekwenda juu ya mto."

Hapo akasimama.

"Hata wao," akasema. Akanigeukia. "Bibi, hata wao."

Nuriat akasema, "Endelea, uone kama iliwasaidia."

Haikuwasaidia. Kajuna aliogelea juu ya mto akimtafuta mama yake mpaka karibu afe kwa baridi. Klaudia akamuuliza Nuriat, "Wewe walikudanganya vipi?" Nuriat akasema hakudanganywa, yeye hakuambiwa kitu chochote. "Ni afadhali?" "Hapana, mjukuu wangu. Si afadhali."

Mwisho wa kitabu anayemwambia Kajuna ukweli ni kambare, yule wasiyemgusa, kwa sababu alikuwemo kwenye maji yale yale na aliona. Klaudia alifunga kitabu. Nilikuwa namwona anafikiri. Akasema, "Kwa hiyo aliyemwambia ni yule aliyekuwepo." Kisha akaniuliza, "Bibi, nani alikuwepo?"

Nikamjibu ni baba yako.

Akainuka. Nilidhani anaingia ndani kulala. Akazunguka jiko, akaenda kusimama karibu na kaburi la mama yake. Hakulia, hakufanya kitu. Alisimama tu pale, kisha akarudi akamsaidia Nuriat kukunja mkeka.

Joackim, siwezi kumsimulia kwa niaba yako. Mimi nilipokea jeneza tu. Wewe ndiye uliyekuwa pale kando ya kitanda. Najua kwa nini unakata simu, mwanangu. Nilikuzaa, ninajua sauti yako ikibanwa inavyokuwa. Na ninajua kosa la Desemba ni letu wote wawili, maana ulinyamaza ukinitegemea na mimi nikakuacha uondoke. Lakini mtoto anauliza swali lenye jibu, na jibu unalo wewe peke yako.

Njoo. Usilete zawadi. Njoo tu ukae naye.

Mama yako


Kamachumu,
10 Juni 2024

Kwa Bibi Nuriat,

Shikamoo Bibi. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo na tumefunga shule.

Nimepokea cha pili na cha kumi na cha kumi na moja. Asante sana. Nilisoma cha pili kwanza. Mwambie Baba Mdogo Faruku kwamba cha kumi ni kizuri lakini si cha kuanzia. Rafiki yangu Editruda amekuja kuniomba vitabu, akauliza aanze na kipi. Nikamtazama, nikampa cha tatu. Akitaka cha kwanza atakuja kuniomba mwenyewe na nitampa siku hiyo hiyo.

Bibi, baba alikuja. Aliliacha lori Muleba akaja na pikipiki. Bibi Edvina akasema anakwenda kanisani kupanga maua, lakini ilikuwa Ijumaa na si zamu yake. Tukabaki mimi na baba. Akaniambia twende nyuma ya jiko. Tukakaa pale chini, yeye upande huu wa kaburi na mimi upande ule.

Alichelewa kuanza. Aling'oa majani yote yaliyokuwa karibu yake. Nikamwambia, baba, sema tu kama kambare. Hakuelewa, nikamweleza, akacheka kidogo halafu akaanza.

Aliniambia yote. Mama aliumwa tumbo, wakafikiri ni kitu kidogo. Hospitali wakasema lazima apasuliwe. Baba alikuwa amemshika mkono kwenye korido wakisubiri. Mama alikuwa amevaa khanga ile ya njano. Hakuwa analia. Walimwingiza, wakamtoa, akaamka kidogo jioni, baba alikuwepo. Mama akamwita jina lake, akamuuliza, "Klaudia amekula?"

Baba akasema ndiyo, amekula. Lakini alikuwa hajui, Bibi. Alijibu tu. Mama akafumba macho, na asubuhi alikuwa amekufa.

Baba akaniambia hicho ndicho kitu kinachomsumbua. Anasema akiwa anaendesha peke yake anajiona alimdanganya mama kwa neno la mwisho. Anasema alishindwa kuja kuniambia kwa sababu angefika kwenye neno hilo na asingeweza kulipita. Alilia sana. Sijawahi kumwona baba analia. Mimi pia nililia, lakini nilikuwa nafikiri, nakumbuka siku ile yote.

Nikamwambia baba hakudanganya. Nilikuwa nimekula. Mama Jeni alipika wali na dagaa, nikaomba nyongeza akanipa.

Baba alikuwa hajui.

Mjukuu wako,
Klaudia Joackim